Samahani kwa Mkono wa Kushoto

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo asije mtu akavimba akidhani nimemsema yeye. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo wake, na ina foleni za kila aina. Mimi ni raia wake mtiifu, fundi redio wa mtaa wa Kichangani, na kwa kuwa redio zote ninazozitengeneza hushika stesheni moja tu, ile ya serikali, hakuna asubuhi iliyowahi kunipita bila kuambiwa jinsi ninavyofurahi.

Kiongozi wetu tunamwita Mlezi. Jina lake la kuzaliwa lipo, ila kulitaja ni utovu wa adabu, na adabu ndiyo hasa habari ya kisa hiki.

Siku moja Mlezi aliangalia sinema. Ndani yake mtu mwenye koti refu aliruka kupitia dirishani, bastola mkono wa kulia, bastola mkono wa kushoto, akazifyatua zote pamoja akiwa bado yuko hewani. Maadui waliojaa chumba kizima wakaanguka, na koti lake halikupata hata vumbi. Kesho yake Mlezi aliita baraza la mawaziri.

"Askari wetu ana mikono mingapi?" akauliza.

Mawaziri wakatazamana. Swali la Mlezi halijibiwi kwa pupa. Waziri wa Afya, mwenye dhamana ya viungo, akasema kwa uangalifu kwamba kwa taarifa alizonazo ni miwili, isipokuwa kama Mlezi ana maoni mengine.

"Na bastola anapiga kwa mkono mmoja. Huu mwingine, tangu tupate uhuru, unafanya nini? Unakula mshahara bure!"

Mawaziri wakapiga makofi, wakijitahidi mikono yao yote miwili ionekane inashiriki. Mtu pekee ambaye hakupiga ni Kamishna Shomvi, mkuu wa polisi, aliyekuwa amezeekea katika uwanja wa shabaha.

"Mlezi," akasema, "bastola hulengwa kwa jicho. Jicho hupanga alama ya nyuma, alama ya mbele, na shabaha, vikae sawa. Haliwezi kupanga huku na kule kwa wakati mmoja. Ukifyatua mbili pamoja, moja unalenga, nyingine unamwachia Mungu. Halafu huu mkono wa pili haukai bure. Ndio unaoushikilia ule wa kwanza usirushwe, ndio unaotia risasi zikiisha, ndio unaomkamata mtu."

Mlezi alimsikiliza kwa upole, akamshukuru kwa utaalamu wake. Siku hiyo hiyo Kamishna Shomvi aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo bado inatafutwa. Mkewe anasubiri anwani mpaka leo.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Agizo la Mikono Miwili. Kila askari aliyevaa sare atashika bastola mbili muda wote awapo kazini, na atazifyatua kwa pamoja. Kukutwa na mkono mtupu ni kosa la uhaini.

*

Maonyesho ya kwanza yalifanyika uwanja wa taifa, mbele ya mabalozi na watoto wa shule. Yaliwekwa matikiti maji mawili juu ya meza, na askari hodari kuliko wote akatoka na bastola zake, akapiga mbizi hewani kama alivyoelekezwa. Alipotua, matikiti yalikuwa mazima. Ngoma kubwa ya bendi ya polisi ilikuwa na tundu, na mpigaji wake pia.

Hapo ndipo aliposimama mtu ambaye nchi hii haitamsahau, Mheshimiwa Bahasani, Waziri wa Adabu na Utamaduni, mwenye sauti nzito tamu ya kusomea tanzia.

"Ndugu wananchi," akasema, "mmeona wenyewe. Risasi ya serikali haikosi. Ilichokipata ndicho ilichokikusudia. Kama mtu amekuwa mahali ambapo risasi inapita, swali la kujiuliza ni hili: alikuwa anafanya nini pale?"

Tukapiga makofi. Mpigaji ngoma alizikwa kesho yake kwa tuhuma.

Basi askari wetu wakaingia mitaani na bastola mbili mbili, na maisha yakabadilika. Mhalifu hakuweza tena kukamatwa, kwa sababu wa kumshika hana mkono wa kumshikia, na wa kumfunga pingu hana mkono wa kufungia. Kilichobaki ni kumpiga risasi au kumwacha aende zake. Magereza yakapungua watu, na redio ikatangaza kwamba uhalifu unakwisha. Risasi zikiisha, askari alilazimika kuibana bastola moja kwapani na kuuma magazini ya nyingine, na baadhi yao wakapoteza meno, na mmoja kwapa. Sajini mmoja wa kituo chetu alimpigia mkubwa wake saluti bila kufikiri, akaitoboa kofia yake mwenyewe. Hata rushwa ikawa tabu. Ilibidi dereva ashuke mwenyewe, amwombe askari ageuke, amtilie mfukoni, halafu amfunge kifungo.

Mimi sikuona ubaya. Nilimfungulia mlango kila askari aliyepita dukani kwangu, na mmoja nilimkuna mgongo.

*

Waliolalamika ni wazee, na hawakulalamikia maiti. Walilalamikia mkono wa kushoto.

Katika nchi yetu, kama katika nchi zote zilizolelewa vizuri, mtu hampi mwenzake kitu kwa mkono wa kushoto. Si kikombe, si chenji, si hata kibiriti. Ukiwa huna budi, mkono wa kulia una unga au una mtoto, unatanguliza neno: samahani kwa mkono wa kushoto. Naye anayepokea anajibu, hamna neno. Watoto wa miaka mitatu wanalijua hilo. Sasa wazee wakaenda kwa Mheshimiwa Bahasani, wakamwambia serikali inawapa raia wake risasi kwa mkono wa kushoto, kavu kavu, bila neno. Huu ulimwengu unakwenda wapi?

Waziri alitokwa na machozi. Akawaahidi wazee kwamba aibu hiyo itaondoka, na kweli ikaondoka. Kuanzia mwezi uliofuata, kila askari kabla ya kufyatua alipaswa kusema kwa sauti ya kusikika: "Samahani kwa mkono wa kushoto!"

Wageni walikuja kutoka mbali kujifunza kwetu. Walisema hawajaona polisi wenye heshima kiasi hiki.

Ni kweli kwamba wezi, wakishalisikia neno, walipata nafasi ya kukata kona. Sisi wengine tulijifunza kulala kifudifudi. Tulizoea haraka, kama binadamu anavyozoea kila kitu. Siku moja sokoni Bi Mgeni muuza mboga, ndoo mkononi, alimkabidhi mteja fungu la giligilani kwa kushoto, akasema samahani kama alivyofunzwa na mama yake. Soko zima likalala. Wachinjaji walilala, wanunuzi walilala, na mtu mmoja aliyekuwa juu ya ngazi akipaka rangi alilala kutoka huko huko juu. Alikaa na bandeji mpaka mfungo ukaisha, na kila alipoulizwa alisema anaishukuru serikali kwa kumjulisha mapema.

Lakini waliolala, walilala kwa sababu walisikia. Mtaani kwetu kulikuwa na mtu mmoja asiyesikia.

*

Mbaruku alikuwa fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni. Kibaraza chake kilitazamana na duka langu. Watu wakicheka mtu anayeishi na redio kufanya urafiki na kiziwi, niliwaambia ndiye mtu pekee mtaani ambaye hajawahi kulalamika juu ya kazi yangu. Tulizungumza kwa mikono. Mtaa mzima ulizungumza naye kwa mikono, hata watoto wadogo. Mkewe, Bi Shemsa, alizungumza naye haraka kiasi kwamba mtu akiwaangalia walipokuwa wakigombana alidhani wanafukuza nyuki.

Asubuhi moja Koplo Tindwa wa kituo chetu alimkurupusha mwizi wa simu, wakaingia Kichangani mbio. Koplo akasimama katikati ya njia, akanyoosha mikono yote miwili, akapaza sauti vizuri kabisa, kwa adabu zote: "Samahani kwa mkono wa kushoto!"

Tukalala. Mwizi akakata kona. Mbaruku alikuwa amekaa kwenye cherehani, mgongo kaupa njia, anatunga uzi kwenye sindano. Risasi ya kulia ilipiga ukuta wa msikiti. Ya kushoto ilimpiga yeye.

Nilimfikia kabla ya mkewe. Uzi ulikuwa umeshaingia kwenye tundu la sindano.

Kwetu maiti haikai. Mtu akifa asubuhi, alasiri yuko ardhini. Tukachemsha maji, tukatafuta sanda. Gari la polisi likafika kabla maji hayajachemka, likamchukua Mbaruku.

*

Bi Shemsa alikwenda hospitali kuu, chumba cha maiti, kuomba apewe mwili wa mumewe. Nilimsindikiza. Mlangoni alisimama askari na bastola zake mbili, akatuomba tumfungulie mlango ili atuzuie kuingia. Tukamfungulia.

Ndani alikuwepo Mheshimiwa Bahasani mwenyewe pamoja na Mwanasheria wa Serikali, kijana mwembamba aliyevaa tai ngumu. Waziri alimpa Bi Shemsa pole ndefu, yenye aya za Kurani na takwimu.

"Mama," akasema, "kisheria mambo yako sawa. Marehemu aliombwa radhi hadharani. Akanyamaza. Mwanasheria, hebu mweleze mama."

"Ukimya ni ridhaa," Mwanasheria akasema. "Hata bibi harusi akiulizwa akanyamaza, ndoa si inafungwa?"

"Mume wangu alikuwa kiziwi," Bi Shemsa akasema.

Mwanasheria akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari. Ilionekana jambo hilo halikuwa limewafikia.

"Hilo," Waziri akasema, "linaleta ugumu kidogo. Maana yake radhi imeombwa na haijafika. Mazungumzo hayajaisha. Na serikali hii, mama, haiwezi kumzika mtu katikati ya mazungumzo. Ni utovu wa adabu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utamjibia wewe. Neno dogo tu. Sema hamna neno, mchukue mumeo, mkazike."

Bi Shemsa ni mwanamke mfupi, mpole, muuza vitumbua. Nilidhani atasema. Mimi ningesema. Ningesema mara kumi, na ningeongeza asante.

"Nikisema hamna neno, itakuwa nani kakosa?"

"Hapatakuwa na aliyekosa. Ndiyo raha ya kusamehe."

"Basi siwezi," akasema. "Maana neno lipo."

Tukarudi mikono mitupu. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa. Umeme wa hospitali ulikuwa ukikatika kila mara, na sote tulijua maana yake, ila hakuna aliyemwambia. Yeye alijua. Alikuwa akichukua udi na ubani kwenye mkoba, anachoma nje ya dirisha la kile chumba, upande ambao upepo unaelekea ndani, kisha anakaa chini ukutani mpaka jua linamfika. Mashoga zake wakamlaumu. Msamehe tu, shoga, maiti inateseka. Akawajibu kwamba anayeteseka ni yeye, maiti hajambo.

*

Siku zikapita, na redio za nje zikaanza kulitaja jina la Mbaruku. Waziri alimwita tena Bi Shemsa, safari hii kwa chai na keki.

"Mama, unataka nini hasa?"

"Mliyemkosea ni yeye. Muombeni yeye. Kwa lugha yake, ya mikono. Huyo huyo aliyempiga aje amwombe. Mkishamwomba, nipeni mume wangu."

Waziri akaona picha nzuri: koplo, jeneza, mjane, kipaza sauti. Akakubali. Mambo yakapangwa yafanyike uani kwa chumba cha maiti, asubuhi ya Ijumaa, na redio itangaze moja kwa moja. Koplo Tindwa akaletwa Kichangani kufundishwa namna ya kuomba radhi kwa mikono.

Alikuja kijana mrefu, mtu wa bara, uso umemkauka. Bi Shemsa alimkaribisha barazani, pale pale penye cherehani. Akamwonyesha: unakunjua viganja vyote viwili, unavielekeza juu, unavirudisha kifuani. Maana yake, tazama, sina kitu mikononi, na moyo umeniuma. Koplo akajaribu na bastola zake mkononi. Mtaa mzima tukalala.

"Hivyo unanitisha, mwanangu," Bi Shemsa akamwambia. "Ziweke chini."

"Mama, ni uhaini."

"Basi hutaweza kumwomba."

Koplo akatazama njia, huku na huku. Akainama, akaziweka chini ya cherehani. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, havikutaka kufunguka, ikabidi Bi Shemsa amnyooshee kimoja kimoja. Nilikuwa kizingitini kwangu na redio ya mtu imefunguliwa matumbo, nikawasikia.

"Sikumwona, mama," koplo akasema. "Haki ya Mungu sikumwona. Nilikuwa namlenga mwizi kwa huu wa kulia. Huu mwingine unakuwa umeunyoosha tu, hujui unatazama wapi. Sote hatujui. Tunafyatua tukiomba kusiwe na mtu."

"Najua."

"Unanisamehe?"

Bi Shemsa alikaa kimya, kisha akakumbuka sheria, akajibu haraka: "Hapana. Bado. Jaribu tena hivyo viganja."

*

Ijumaa ua ulijaa. Askari walijipanga ukutani, kila mmoja na bastola zake mbili. Sisi wa Kichangani tulikuja na jeneza la msikiti, tukamtia Mbaruku ndani, ameshaoshwa, ameshavishwa sanda, harufu ya udi ikijitahidi. Desturi yetu wanawake hawaendi mazishini, lakini siku ile hakuna aliyekuwa na mdomo wa kumwambia Bi Shemsa akae nyumbani.

Mheshimiwa Bahasani alihutubia. Alisema zamani nchi yetu ilikuwa inaua watu bila hata kusema samahani. Alisema leo dunia nzima inatutazama kwa wivu. Kisha akamwita Koplo Tindwa.

Koplo alisogea mbele ya jeneza. Akainama, akaweka bastola zake chini, kwenye mchanga. Mkuu wa askari alishtuka, lakini redio ilikuwa hewani. Kijana akainua viganja vyake vitupu mbele ya Mbaruku, akavirudisha kifuani, akabaki hivyo, machozi yanamtiririka na hana anayemfuta.

Pakawa kimya. Naam, Mbaruku hakujibu.

"Amenyamaza!" Waziri akaruka. "Ndugu wananchi, kaombwa kwa lugha yake na kanyamaza! Ameridhia!"

Makofi yakapigwa upande wa wakubwa. Sisi tukanyanyua jeneza mabegani, tukaanza kutoka. Na yote yangeishia hapo, tungekuwa makaburini kabla ya sala ya Ijumaa, lau Waziri asingependa kuongeza sukari kwenye chai ambayo imekwisha kuwa tamu. Alimsogezea Bi Shemsa kipaza sauti.

"Na wewe mama? Uwaambie wasikilizaji. Hamna neno?"

Bi Shemsa akakishika kipaza sauti kwa mkono wa kulia.

"Neno lipo," akasema. "Mume wangu ameuawa na hana kosa. Sijasamehe."

Redio ikakatika, ikaanza kupiga muziki wa bendi. Waziri alikuwa amegeuka rangi.

"Rudisheni maiti!" akapiga kelele. "Mazungumzo hayajaisha! Wazuieni!"

Askari wakaruka kutoka ukutani, wakatuzunguka, wakasimama. Walitutazama, wakaitazama mikono yao. Jeneza hulizuii kwa kulitazama. Sharti ulishike, na wa kulishika hakuwepo. Mmoja alijaribu kututia ngwala, akakosa mwelekeo, akaanguka. Sisi tukazidi kwenda, taratibu, tukisoma.

"Wewe!" mkuu wao akamfokea Koplo Tindwa. "Wewe mwenye mikono! Kamata jeneza!"

Koplo alikuja mbio. Kwetu mtu anayebeba jeneza habebi hadi mwisho. Anayekuja nyuma humgusa bega, akaingia chini ya mti wa jeneza, na aliyechoka akatoka, jeneza halisimami hata hatua moja. Kila mtu anataka fungu lake la thawabu. Mzee Fumo, aliyekuwa mbele yangu upande wa kulia, aliguswa bega akatoka, kama ilivyo kawaida, bila kutazama aliyemgusa ni nani. Koplo akaingia, akalikamata jeneza kwa mikono yote miwili, akaweka bega.

"Lirudishe huku!"

Akaenda nasi.

Hapo ndipo niliposikia, kutoka nyuma, kwa sauti nyingi zilizofunzwa pamoja: "Samahani kwa mkono wa kushoto!"

Watu uani wakalala chini. Wote. Isipokuwa sisi. Aliyebeba maiti hawezi kulala. Nilitaka kulala, nasema kweli, magoti yangu yalikuwa yameshaanza, lakini begani nilikuwa na Mbaruku.

Wakafyatua. Nimekuwa nikisimulia kwa mzaha mpaka hapa na nilikuwa na nia ya kuendelea hivyo, lakini siwezi. Risasi za kulia zilimlenga Koplo Tindwa na baadhi zilimpata. Za kushoto zilikwenda kokote. Ziliwapata waliolala. Zilimpata Mzee Fumo aliyekuwa ametoka tu kupumzika. Zilimpata Bi Mgeni muuza mboga, aliyekuja kumshika shoga yake mkono. Koplo alikwenda chini, na kabla pembe ya jeneza haijainama mtu alikwisha ingia chini yake, na huyo naye alipoanguka akaingia mwingine. Watu walikuwa wakiinuka kutoka kwenye mchanga wanakuja kubeba. Tulitoka langoni hivyo. Risasi zilipoisha askari walianza kubana bastola makwapani na kuuma magazini, na walipomaliza tulikuwa tumeshafika makaburini.

*

Jioni redio ilisema zoezi limefanikiwa na kwamba mikono yote ilishiriki.

Tulikuwa tumechimba kaburi moja. Tukachimba mengine mpaka jua likazama. Koplo Tindwa hakuna aliyemdai, kwa maana alikufa na mikono mitupu, naye ni haini. Bi Shemsa alisema azikwe na wengine. Imamu akauliza dini yake. Hakuna aliyeijua, na Imamu hakuuliza tena.

Mama yake koplo alifika baada ya siku kadhaa kutoka bara, Bi Nyamizi, mama mzee mwenye mtandio wa kuazima, na kifurushi cha karanga alichomletea mwanawe. Hakuwa na pa kufikia. Bi Shemsa alimchukua kwake. Walikaa barazani muda mrefu, yule aliyefiwa na mume na yule aliyemzaa muuaji wake. Karanga zilibaki kwenye kifurushi.

Siku ya pili gari la wizara lilisimama Kichangani. Akashuka ofisa mwenye suti, nyuma yake askari wawili, bastola nne. Redio ilikuwa imewaandalia nafasi. Ofisa alimwinamia Bi Nyamizi, akamweleza kwamba serikali, kwa ubinadamu wake, imeamua kutomsahau hata mama wa haini, na kwamba ingependa kumwomba samahani kwa mkono wa kushoto. Akamnyooshea kipaza sauti, akasubiri.

Bi Nyamizi akakitazama kile kitu. Alikuwa mgeni, hakuzijua sheria zetu. Kwao, nadhani, mtu aliyefiwa huachwa anyamaze.

Bi Shemsa akamsogelea, akamshika goti.

"Usinyamaze, mama," akamwambia. "Ukinyamaza watasema umeridhia. Sema neno lipo."

Bi Nyamizi akafungua mdomo. Sauti ilitoka ndogo sana. Ofisa akasema hajasikia vizuri, arudie. Akarudia. Ofisa akasema bado, labda mashine ina hitilafu. Mimi ni fundi, niliitazama ile mashine kutoka kizingitini na ilikuwa nzima. Bi Nyamizi akarudia tena, na tena, mpaka majirani wakatoka nje, mpaka askari wakaanza kutazamana, na alikuwa bado anarudia gari lilipoondoka.